Ukiuza Nyumba, Je, Utoe Dhamana?

Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa kamati za sharika na marafiki wa maendeleo, Lulindi, Wilaya ya Masasi



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo mwanzoni lilionekana dogo. Kamati ya usharika mmoja imeamua kuuza nyumba ya zamani ya mwinjilisti ili fedha zikamalizie darasa la shule ya awali. Mnunuzi amepatikana, na bei amekubali. Lakini amesema, "Nataka garantii ya mwaka mmoja, kama ninayopewa nikinunua redio." Wajumbe walitazamana. Mmoja alisema, "Tumpe, ni maneno tu." Mwingine akasema, "Tusimpe, nyumba si redio." Ndipo wakatuletea swali ofisini, nasi tukaona ni vema tulijibu mbele ya wote, kwa sababu nyumba zinauzwa kila msimu, za sharika na za familia zetu pia.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: ukweli kuhusu nyumba apewe kila mnunuzi, bila malipo na bila kuombwa. Dhamana ni jambo jingine. Itolewe tu pale ambapo imewekewa mpaka wa kitu, mpaka wa muda, na fedha zake zimekwisha kuwekwa pembeni. Sasa tueleze tulivyofika hapo.

Dhamana ya nyumba ni kitu gani?

Katika nchi nyingine dhamana ya nyumba ni bidhaa inayonunuliwa. Nchini Marekani yapo makampuni yanayouza mikataba ya namna hii. Mojawapo, American Home Shield, lilianza mwaka 1971. Anayeuza nyumba anaweza kumlipia mnunuzi mkataba, kwa kawaida wa mwaka mmoja. Bomba likipasuka au nyaya za umeme zikiharibika kwa kuchakaa, mnunuzi anaita kampuni, analipa ada ndogo ya fundi, na gharama nyingine inabebwa na kampuni. Huko nako watu hubishana kama inafaa kuinunua, maana mikataba hiyo ina maandishi mengi ya "hiki hakimo". Mara nyingi kuta na msingi havimo, na kasoro iliyokuwepo kabla ya kuuziana haimo.

Nchini Uingereza liko shirika la NHBC, lililoanzishwa mwaka 1936, ambalo hutoa dhamana ya miaka 10 kwa nyumba mpya. Katika miaka 2 ya mwanzo aliyejenga ndiye anayerekebisha kasoro. Baada ya hapo, bima hubeba kasoro kubwa za jengo.

Hapa Tanzania tunacho kitu kinachofanana na hicho katika majengo mapya. Mkandarasi akijenga darasa au zahanati kwa mkataba, sehemu ya malipo yake huzuiwa kwa muda wa uangalizi. Ufa ukitokea ndani ya muda huo anarudi kuurekebisha, ndipo anamaliziwa fedha zake. Wajumbe waliosimamia ujenzi wanalifahamu jambo hili vizuri. Bima ya moto na wizi nayo ipo kwa anayeweza kuilipia. Lakini nyumba ya zamani ya tofali za udongo, yenye bati la miaka 15, inayouzwa kijijini, haina kampuni ya kuidhamini. Mdhamini ni muuzaji mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa Lulindi akikuomba garantii, anaomba wewe uwe kampuni ya bima. Ukikubali bila kufikiri, unabeba mzigo ambao kampuni zenye mitaji mikubwa huupima kwanza.

Tulivyojifunza kwa hasara

Tusizungumze kama watu wasiowahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilisimamia uuzaji wa nyumba iliyobaki baada ya mradi mmoja kufungwa. Ilikuwa Novemba. Mnunuzi alikuwa mkulima mwenye fedha za korosho mkononi. Aliikagua nyumba mchana wa jua kali, akaipenda. Aliuliza, "Haina tatizo?" Tukajibu, "Haina tatizo, na likitokea tutatengeneza." Hatukuandika tatizo gani, wala mpaka lini, wala kwa fedha kiasi gani.

Januari alikuja kusema bati linavuja. Tukapeleka fundi. Machi alikuja tena: tangi la kuvunia maji ya mvua lina ufa, maji yote yamepotea ardhini. Tukanunua saruji. Mwezi wa Mei alikuja mara ya tatu kwa sababu ya mchwa kwenye kenchi. Wakati huo hatukuwa na fungu lolote kwa ajili ya nyumba ile. Fedha zilichukuliwa kwenye mafungu ya ofisi, na mifereji ya bati tuliyokuwa tumeahidi shule moja ikachelewa kwa msimu mzima wa mvua. Watoto wa shule ile waliendelea kubeba maji kutoka nyumbani kwa sababu ya neno moja tulilolisema kwa wepesi barazani.

Mnunuzi yule hakuwa mtu mbaya. Alidai alichoahidiwa. Wazee wetu walisema ahadi ni deni, nasi tulikopa bila kujua kiasi.

Kwa nini kasoro hujitokeza baada ya kuuziana

Tulipokaa kutafakari, tuliona jambo ambalo ni la kwetu hasa. Fedha za korosho huanza kuingia mikononi kuanzia Oktoba, minada inapofanyika kupitia vyama vya msingi chini ya MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Huo ndio wakati wa kununua bati, pikipiki, kiwanja, na nyumba. Mvua nazo huanza karibu na mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili. Kwa hiyo nyumba nyingi zinanunuliwa zikiwa kavu, wiki chache tu kabla ya kujaribiwa na mvua.

Bati lenye misumari iliyolegea halijionyeshi Novemba. Ukuta wa udongo ambao maji hutuama chini yake unaonekana imara mpaka Februari. Na tangi la mvua, ambalo huku kwetu lina thamani karibu sawa na nyumba yenyewe, haliwezi kujulikana kama linatunza maji mpaka lijae. Kule juu Newala, ambako mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu miaka ya 1950 na shida ya maji bado inasimuliwa, mtu anaweza kununua nyumba kwa sababu ya tangi tu. Kumuuzia tangi bovu ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

Fundisho ni hili: dhamana ya Lulindi ipimwe kwa mvua, siyo kwa kalenda ya dukani. Dhamana ya miezi 3 kuanzia Julai haimsaidii mnunuzi chochote. Dhamana ya mwaka mzima inambebesha muuzaji kuliko inavyohitajika. Muda wa haki ni msimu mmoja wa mvua: tangu siku ya kukabidhiana hadi mwisho wa Mei.

Yale yasiyohitaji dhamana kwa sababu ni wajibu

Kabla ya kufika kwenye bati na kuta, yako mambo ambayo muuzaji hawezi kusema "sidhamini". La kwanza ni haki ya kuuza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamishaji wa haki ya kimila upate kibali cha halmashauri ya kijiji. Mhuri wa mwenyekiti peke yake, uliopigwa jioni nyumbani kwake, hautoshi.

Kwa sharika zetu liko jambo jingine. Mali ya kanisa iko chini ya wadhamini waliosajiliwa. Kamati ya usharika inaweza kupendekeza kuuza, lakini haiwezi kuuza kwa mamlaka yake yenyewe. Kamati iliyotuletea swali ilikuwa bado haijapeleka maombi yake, na jambo la kwanza tulilowaambia ni kusimamisha mazungumzo ya bei mpaka kibali kipatikane.

Tusisahau pia desturi zetu. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Marehemu anaweza kuacha mke na watoto ndani ya nyumba, na wajomba na wapwa wakaja nao na neno lao. Anayeuza nyumba ya urithi bila kuwakalisha wote hao pamoja, na bila msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, anamuuzia mwenzake kesi. Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi. Hakuna bati linalodumu katika mashaka kwa muda huo!

La pili ni kusema kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuuvunja mkataba. Kupaka chokaa juu ya ufa siku mbili kabla mnunuzi hajaja si usafi. Lakini sheria hiyo inamtaka pia mnunuzi awe macho: kama angeweza kugundua kwa uangalifu wa kawaida, malalamiko yake yanaweza kupungua nguvu. Kwa hiyo mnunuzi aje na fundi wake, apande juu, agonge kenchi, achimbe kidogo kando ya msingi atafute mchwa.

Maswali matatu kabla ya kutoa dhamana

Sasa tuseme haki ya kuuza ipo na ukweli umesemwa. Mnunuzi bado anaomba dhamana. Kamati, au familia, ijiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: tunadhamini kitu gani? "Nyumba yote" si jibu. Taja vitu vinavyoweza kupimwa: bati lisivuje, tangi litunze maji, mlango na kufuli zifanye kazi. Usidhamini usichoweza kukiona, kama vile mbao zilizofunikwa na dari, wala usidhamini dhoruba. Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, mwezi Aprili 2019, na Hidaya kilipofika pwani yetu Mei 2024, tulikumbushwa kwamba upepo hauulizi nani mwenye nyumba. Andika wazi kwamba bati likiezuliwa na kimbunga si juu ya muuzaji.

Swali la pili: mpaka lini na mpaka kiasi gani? Tumekwisha kusema msimu mmoja wa mvua. Kiasi nacho kiandikwe kwa shilingi. Ahadi isiyo na mpaka inaweza kukufuata mbali, maana anayedai kwamba mkataba umevunjwa ana miaka 6 ya kwenda mahakamani.

Swali la tatu: fedha ziko wapi? Hili ndilo lililotushinda sisi. Kama fedha hazipo pembeni, usitoe dhamana. Mama mjane anayeuza nyumba ili amlipie mtoto ada na kurudi kwa ndugu zake asitoe dhamana yoyote. Atakapodaiwa Februari atakuwa ameshaitumia bei yote. Mtu kama huyo auze "kama ilivyo": aandike kasoro zote anazozijua, apunguze bei kidogo, na mambo yaishie hapo. Si aibu kuuza hivyo. Ni aibu kuuza hivyo na kunyamaza.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano. Tuseme nyumba inauzwa kwa shilingi 9,000,000. Fundi anaikagua na kusema kwamba misumari ya bati upande wa kusini imelegea, na tangi lina nyufa nyembamba. Matengenezo anayakadiria kuwa shilingi 400,000. Muuzaji ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kutengeneza kabla ya kuuza. Anatumia 400,000, anauza kwa bei kamili. Inafaa kama anazo fedha na fundi anaaminika.

Njia ya pili ni kupunguza bei. Anauza kwa 8,600,000 au karibu na hapo, na mnunuzi anatengeneza mwenyewe. Inafaa kwa asiye na akiba, na kwa anayehama mbali.

Njia ya tatu ni dhamana yenye amana. Wanauziana kwa 9,000,000, lakini shilingi 500,000 kati ya hizo zinabaki kwa mtu wa tatu wanayemwamini wote wawili, au katika akaunti inayohitaji saini za pande zote. Mvua ikivujisha bati au tangi likapoteza maji kabla ya tarehe 31 Mei, fundi waliyemkubali wote anatengeneza na analipwa kutoka hapo. Kinachobaki anakabidhiwa muuzaji. Kama hakuna kilichoharibika, anapata zote.

Angalieni jinsi njia ya tatu inavyowatuliza wote. Mnunuzi hahangaiki kumtafuta muuzaji. Muuzaji anajua kwamba hata mambo yakiwa mabaya kiasi gani hatapoteza zaidi ya 500,000. Ni utaratibu uleule wa mkandarasi tuliousema mwanzoni, ila sasa umeletwa kijijini.

Yote haya yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi iwe na majina, mipaka ya eneo, bei, orodha ya kasoro zilizosemwa, vitu vinavyodhaminiwa, tarehe ya mwisho, kiasi cha mwisho, na jina la mwenye kutunza amana. Wasaini mume na mke wa pande zote mbili, na mashahidi. Mkikosana, anzeni na baraza la ardhi la kijiji kwa usuluhishi. Mkumbuke kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata nalo linasuluhisha tu, halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi. Usuluhishi ukishindikana ndipo mnakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Mnunuzi naye adhaminiwe na nani?

Akina mama wametukumbusha jambo, nasi tunawashukuru. Muuzaji naye yuko hatarini. Wengi wananunua kwa maneno, "Nusu sasa, nusu korosho zikilipwa." Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa hadi mwaka 2019. Aliyekuwa amekwisha kukabidhi ufunguo akisubiri nusu ya pili alibaki bila nyumba na bila fedha. Kwa hiyo kama malipo ni ya awamu, andikeni tarehe, andikeni kitakachotokea tarehe ikipita, na umiliki usihamishwe mpaka shilingi ya mwisho ilipwe.

Neno kwa marafiki wanaotuchangia

Ninyi mnaotuunga mkono mna haki ya kuuliza: nyumba iliyojengwa kwa michango yetu ikiuzwa, fedha zinakwenda wapi, na nani analipa ikivuja? Tunajibu hivi. Tangu makosa yale, ofisi hii hairuhusu dhamana ya nyumba kulipwa kutoka fungu la mradi wowote. Dhamana ikitolewa, inatoka ndani ya bei ya nyumba yenyewe, kama amana, na inaonekana katika hesabu mpaka siku inapofungwa. Hatutaki tena watoto wa shule wakose maji kwa ajili ya paa la mtu mwingine.

Na ile nyumba ya mwinjilisti?

Mnataka kujua kamati iliamua nini. Ilipeleka maombi ya kibali, na kibali kikapatikana. Fundi aliikagua nyumba akiwa na mnunuzi, wakaandika kasoro 7. Kamati ilitengeneza 4, zile za gharama ndogo. Mchwa kwenye mbao za chumba cha nyuma haukufichwa. Bei ilipunguzwa kwa ajili yake. Bati na tangi vimewekewa amana hadi mwisho wa Mei, na anayeitunza ni mzee mmoja wa kijiji anayeheshimiwa na pande zote, ambaye si mwenzetu katika usharika wala si ndugu wa mnunuzi.

Hatujui kama amana itarudi yote. Mvua ndizo zitakazosema. Tunachojua ni kwamba darasa la shule ya awali limekwisha kutengewa fedha zake, na likitokea lolote kwenye nyumba ile, hakuna atakayeligusa fungu hilo. Mnunuzi naye alisema neno ambalo tungependa mrudi nalo kwenye sharika zenu. Alipomaliza kusoma ile orodha ya kasoro 7 alicheka, akasema, "Nyumba yangu ninayoishi sasa sijawahi kuifahamu hivi." Kisha akasaini.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zote zenye mpango wa kuuza nyumba kabla ya msimu ujao zianze mapema, wakati wa mvua, nyumba ikiwa bado inajieleza yenyewe. Ingieni ndani siku mvua inanyesha. Tazameni juu, tazameni chini, andikeni. Karatasi hiyo mkiitunza hadi Novemba, itakuwa na thamani kuliko garantii yoyote mtakayoombwa.